Kusaga mahindi kwa mafuta ya chipsi: mwongozo kamili wa kutumia mafuta ya mimea kwenye injini ya dizeli

Mafuta yaliyokwisha kukaanga chipsi yanaweza kuzungusha mashine ya kusaga. Wala si jambo jipya. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli iliyokuwa ikitumia mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel alisimulia baadaye kwamba ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba ni watu wachache tu waliotambua.

Kuiwasha injini si kazi. Itawaka, itanguruma, na mwenye mashine atatangaza kijiji kizima kwamba ameachana na dizeli. Baada ya muda moshi unakuwa mweusi, nguvu inapungua, na fundi akifungua anakuta ringi za pistoni zimenata kwenye mifereji yake na nozeli, ile inayonyunyizia mafuta ndani ya injini, imeota masizi magumu mdomoni. Hapo lawama zote huangukia mafuta, ilhali karibu kila mara chanzo ni kimoja kati ya vitatu: mafuta yaliingia yakiwa baridi, yaliingia machafu, au injini iliachwa izunguke bila mzigo.

Nimemwandikia zaidi mwenye mashine ya kusaga, pampu ya umwagiliaji au jenereta ya injini moja ya kizamani, mahali ambapo umeme haujafika au unakatika ovyo. Mwenye gari nitamgusia kwa ufupi.

Kabla ya kununua hata koki moja, piga hesabu

Lita moja ya mafuta ya mimea ina nishati ya takriban megajuli 34, ya dizeli ina kama 36. Kwa hiyo utatumia zaidi kidogo, kama asilimia 5 hivi. Injini ya nguvu-farasi 6 ikiwa na mzigo kamili hunywa karibu lita 1.3 za dizeli kwa saa. Kwa mafuta ya mimea weka 1.4. Dumu la lita 20 la mafuta safi litakupa saa 14 za kusaga.

Sasa mafuta yenyewe yatoke wapi? Mafuta mapya ya kula yaondoe kwenye mawazo. Lita ya alizeti dukani kwa kawaida inauzwa ghali kuliko lita ya dizeli, na hata ingekuwa sawa, kumimina chakula kwenye tenki si jambo ninaloweza kumshauri mtu. Yanabaki mafuta yaliyotumika na mafuta yasiyoliwa.

Yaliyotumika ndiyo yenye maana kwa aliye karibu na mji: mabanda ya chipsi, hoteli, shule za bweni, wakaanga samaki. Ongea na mtu mmoja au wawili wenye mafuta mengi, uwapelekee madumu yako yenye mifuniko, ukusanye siku ile ile kila wiki. Ukichelewa mara mbili atampa mtengeneza sabuni. (Wako pia wanaoyanunua na kuyachuja ili wawauzie wengine wakaangie tena. Bora yaishie kwenye injini yako kuliko kwenye tumbo la mtu.)

Ya pili ni mbono kaburi, ule mmea wa uani na makaburini ambao mbuzi haugusi. Huu si nyonyo. Mafuta ya nyonyo ni mazito mno, yanamshinda hata aliyeyapasha vizuri, usiyajaribu. Mbono kaburi ulisifiwa sana miaka ya 2000, mashamba makubwa yakaanzishwa Kisarawe na Kilwa, na yakakwama. Hesabu ya kijijini inaonyesha kwa nini. Lita moja ya mafuta inataka kilo 4 hadi 5 za mbegu, na mtu mmoja huchuma na kumenya kama kilo 2 au 3 kwa saa. Kwa hiyo saa moja ya kusaga inamla mtu karibu saa tatu za kuchuma, bado hujakamua. Kama una ua wa mbono tayari na watu wa nyumbani wenye nafasi, ni akiba nzuri. Kuupanda ili upate utajiri, hapana. Na kumbuka mbegu zake ni sumu: mashine iliyokamua mbono isikamue alizeti ya kula, na mashudu yake wasipewe mifugo. Yapeleke shambani kama mbolea.

Angalia injini yako ni ya aina gani

Hapa ndipo pa kuamua kuendelea au kuacha.

Injini inayofaa zaidi ni ile yenye chumba kidogo cha mwako pembeni ya silinda, ambamo mafuta hunyunyiziwa kwanza, na yenye mwendo wa polepole. Lister za zamani za Dursley, Uingereza, aina ya CS 6/1 inayozunguka mara 650 kwa dakika, zinavumilia sana. Nakala zake za India nyingi hutoka Rajkot, nazo ni imara, ila baadhi zimeundwa bila kile chumba cha pembeni, hivyo muulize fundi afungue aone. Kwa injini za Kichina za silinda moja, soma herufi kwenye kibao: S195 ina chumba cha pembeni, ilhali zenye Z mbele, kama ZS1115, hunyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni. Za namna hii nazo zinaweza, lakini joto la mafuta lazima liwe la uhakika, na kila kosa utalilipa mapema.

Tazama pia pampu ya nozeli. Pampu ya plangeri (kijiti kinachopanda na kushuka kusukuma mafuta) kama zilizopo kwenye injini hizi inasukuma mafuta mazito bila kulalamika. Pampu za kuzunguka, hasa zile za CAV na Lucas, zinalainishwa na mafuta yenyewe na hukwama shafti zikipewa mafuta baridi na mazito.

Kwenye gari ni vivyo hivyo. Land Cruiser yenye 1HZ au Hilux ya 3L ina chumba cha pembeni na inaweza kufanyiwa mpango wa tenki mbili nitakaoueleza mbele, mradi pampu yake ya kuzunguka isipewe mafuta kabla hayajapata moto. Gari lolote la reli ya pamoja (common rail, bomba moja la shinikizo linalolisha nozeli zote) yenye nozeli za umeme, yaani D-4D na karibu dizeli zote za kisasa, usiliguse. Nozeli zake zina matundu membamba na shinikizo kubwa mno. Bei ya seti moja itafuta akiba ya miaka.

Na jambo ambalo watu hulipuuza: injini iwe nzima kabla ya kuanza. Kama inatoa moshi wa buluu au inapumulia kwenye mfuniko wa oili, ringi zimechoka, na mafuta ya mimea yatapita hadi kwenye oili. Fanya ovahoo kwanza.

Mafuta gani ni bora kuliko mengine

Mafuta ya mimea yanatofautiana kwa tabia ya kukauka na kuwa kama vanishi yakikutana na hewa na joto. Wataalamu hupima tabia hiyo kwa namba ya iodini. Nazi iko karibu na 10, mawese kama 50, karanga 90, mbono kaburi 100, alizeti karibu 130. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo ringi na nozeli zinavyonata kirahisi.

Tatizo ni kwamba yale yasiyonata ndiyo yanayoganda. Nazi huganda chini ya nyuzi 24 au 25 za Selsiasi, na mawese huanza kuwa uji hata kwenye joto la kawaida. Mafuta mengi ya kukaangia madukani ni mawese yaliyosafishwa, ndiyo maana dumu lililochukuliwa Tanga likifika Njombe mwezi wa saba linakuwa kama siagi. Mtu wa pwani anaweza kutumia mawese kwa raha. Wa nyanda za juu atalazimika kupasha mpaka tenki lenyewe, au akusanye alizeti na kukubali kufungua nozeli mara nyingi zaidi.

Kusafisha

Hapa usiwe na haraka. Uchafu mwingi unaondoka wenyewe ukipewa muda.

Mimina mafuta kwenye pipa la lita 200 lililopakwa rangi nyeusi na kuwekwa juani, lenye koki iliyofungwa kama sentimeta 15 juu ya kitako. Lifunike mvua isiingie. Liache wiki mbili. Maji, unga wa ngano, chumvi na mabaki ya samaki vitashuka chini. Mafuta ya juu yachukuliwe kwa koki. Tope la chini limwagwe kwenye dumu la mtengeneza sabuni. Ni vizuri uwe na mapipa mawili, moja linatulia huku lingine linatumika.

Wengi hupenda kuchemsha mafuta ili yachujike upesi. Sishauri. Maji yaliyo chini yakifika nyuzi 100 yanalipuka kuwa mvuke na kurusha mafuta ya moto usoni. Halafu mafuta ya moto yanapitisha kwenye kichujio mgando ulioyeyuka, ambao utaganda tena ndani ya filta ya injini. Chuja yakiwa ya joto la kawaida la mchana, taratibu: kwanza kitambaa kizito cha jinsi, kisha mfuko wa kuchujia wa maikroni 25, mwisho wa maikroni 5. Usiku kucha yadondoke yenyewe, hakuna anayekukimbiza.

Kisha pima maji. Weka kijiko cha mafuta kwenye kikaango kikavu kilichopata moto. Yakitulia, yako sawa. Yakitatarika na kutoa viputo, yarudishe juani. Kipimo hiki kifanye kwa kila pipa, maana maji ndiyo yanayokwangua plangeri za pampu.

Cha mwisho ni uchachu. Mafuta yaliyokaanga mno yana asidi inayokula chuma na kuharibu oili. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda kwenye lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Kwenye glasi changanya mililita 10 za spiriti ya isopropili, mililita 1 ya mafuta na manjano kidogo kama rangi ya kupimia. Dondosha maji ya kostiki kwa sirinji huku ukikoroga mpaka manjano igeuke nyekundu na ibaki hivyo nusu dakika. Ujerumani, ambako wana viwango rasmi vya mafuta ya mimea ya injini, ukomo wao ni kama mililita 1.3 kwa kipimo hiki. Mimi kwa injini ya polepole naona mpaka 2 inavumilika kama unabadilisha oili kwa wakati. Ikizidi 3, ni ya sabuni. Vaa glavu na miwani, kostiki haina msamaha kwa macho.

Onyo moja kuhusu matambara: yaliyolowa mafuta, ya alizeti hasa, yasirundikwe kwenye kona ya banda. Yanapokauka hujipasha yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje au yaloweke majini.

Kufunga tenki mbili

Uzito wa mafuta haya, yaani ugumu wake wa kutiririka, kwenye nyuzi 40 ni zaidi ya mara kumi ya ule wa dizeli. Yakifika nyuzi 70 hadi 80 yanakuwa mepesi kiasi cha nozeli kuyapasua kuwa ukungu. Chini ya hapo yanatoka kwa matone, matone hayaungui yote, na kisichoungua ndicho kinachogeuka masizi.

Hivyo injini inawashwa kwa dizeli, inapata moto, ndipo inahamishiwa kwenye mafuta ya mimea. Kabla ya kuzimwa inarudishwa kwenye dizeli. Unahitaji tenki la pili, koki ya njia tatu, filta mbili, mpira mpana na bomba la kupashia.

Tenki la mafuta ya mimea liwe la plastiki ngumu au la chuma. Lining'inize angalau mita moja juu ya pampu, kwa kuwa injini hizi hazina pampu ya kuvuta na mafuta mazito hayateremki kwenye mteremko mdogo. Mpira uwe na upana wa ndani wa milimita 10 au zaidi; ule mwembamba wa dizeli utakufanya ufikiri injini imekufa. Epuka bomba na viungo vya shaba, kwa sababu shaba huchochea mafuta kugeuka gundi.

Kupasha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa injini yenyewe inatupa joto bure. Injini ya Kichina yenye beseni la maji juu inapozwa kwa maji kuchemka, yaani beseni lina karibu nyuzi 100 muda wote wa kazi, au kama 94 ukiwa Mbeya mjini kwenye mwinuko. Kunja mita mbili za bomba la chuma cha pua kama springi, lizamishe ndani ya beseni, mafuta yapite humo kuelekea kwenye pampu. Kwa Lister ya pipa la maji, pitisha bomba la mafuta ndani ya bomba la maji yanayotoka silinda hedi, pale yalipo ya moto zaidi. Viungo vyote viwe nje ya maji. Bomba la mafuta likivuja ndani, maji yanaweza kuingia kwenye pampu.

Usipashe kwa ekzosi. Joto lake halina kipimo, mafuta yataungulia ndani ya bomba, na likipasuka una moto ndani ya banda lililojaa vumbi la unga.

Filta ya mafuta ya mimea ikae baada ya bomba la kupashia na kabla ya koki ya njia tatu. Filta ya dizeli ikae upande wake, nayo kabla ya koki. Mafundi wengi hufunga filta moja baada ya koki ili kuokoa pesa, halafu wanashangaa kwa nini injini ikirudishwa kwenye dizeli inachukua muda mrefu: filta ile inahifadhi mafuta mengi ya mimea ambayo lazima yaishe kwanza. Koki iwe karibu na pampu kadiri inavyowezekana. Mpira wa marejeo ya nozeli, unaorudisha mafuta yanayobaki, uelekeze kwenye tenki la mafuta ya mimea, usiupeleke kwenye dizeli, maana dizeli yako inatakiwa ibaki safi.

Kwenye gari marejeo ni mengi, kwa hiyo huko utahitaji koki ya pili inayogeuka pamoja na ya kwanza.

Siku ya kazi inavyokwenda

Washa kwa dizeli. Saga wateja wa kwanza kwa dizeli hiyo hiyo, kama dakika 15 hadi 20, mpaka bomba la mafuta karibu na koki haliwezi kushikika kwa mkono. Kipimajoto ni bora kuliko mkono. Geuza koki mashine ikiwa na mzigo. Sauti itashuka kidogo na kuwa laini, na harufu ya ekzosi itabadilika kuwa ya jikoni.

Wateja wakipungua, usiiache injini izunguke bure kwa mafuta ya mimea. Bila mzigo chumba cha mwako kinapoa na masizi huanza hapo. Rudisha koki kwenye dizeli, au zima kabisa mpaka mahindi yajae ya kutosha. Kwa jenereta, kanuni yangu ni nusu ya mzigo: ikiwa taa na friji havifiki nusu ya uwezo wake, endesha kwa dizeli.

Dakika 5 kabla ya kuzima, rudisha koki kwenye dizeli ukiwa bado unasaga. Kama umeweka kipande cha mpira unaoona ndani karibu na pampu, utaona rangi inavyobadilika. Injini ikizimika ghafla na mafuta ya mimea ndani, usiiache ilale hivyo. Geuza koki kwenye dizeli, legeza nati ya bomba la nozeli, sukuma pampu kwa mkono mpaka itoke dizeli tupu, kaza, iwashe.

Kijana anayebaki na mashine afundishwe mambo haya kwa vitendo, tena koki iandikwe kwa rangi upande wa dizeli na upande wa mafuta. Mashine nyingi zinaharibika mwenyewe akiwa safarini.

Kuchanganya, na biodizeli

Asiyetaka tenki mbili huuliza kuhusu kuchanganya. Sehemu 1 ya mafuta safi kwa sehemu 4 za dizeli, pwani kwenye joto, injini ya kizamani itaenda nayo. Masizi bado yatakuja, ila polepole. Zaidi ya hapo bila kupasha unajidanganya. Petroli usiongeze kamwe. Na mchanganyiko huo uwe wa injini yako tu. Ukianza kuuza kwa wengine, waulize EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji Tanzania, kwanza.

Biodizeli ni mafuta yaliyobadilishwa kikemia kwa kilevi na kostiki hadi yakawa mepesi kama dizeli. Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne alipata hataza ya kufanya hivyo kwa mawese, wakati Ubelgiji ikitafuta matumizi ya mawese ya Kongo, na mwaka uliofuata basi la Brussels na Louvain likaendeshwa kwa mafuta hayo. Siku hizi hutumika methanoli, ambayo mvuke wake ni sumu, inapofusha, na huwaka kwa mwali usioonekana mchana. Uani pa nyumba yenye watoto si mahali pake, nami siwezi kuandika vipimo vyake hapa.

Kukagua

Badilisha oili ya injini kwa nusu ya muda ulioandikwa. Kama kitabu kinasema saa 250, wewe fanya 125. Kila asubuhi chomoa kijiti cha oili. Kiwango kikipanda bila wewe kuongeza, mafuta yanapita kwenye ringi: mwaga oili siku hiyo hiyo. Oili ikianza kuwa nzito na kuvutika kama ute, usiwashe tena kabla ya kumwaga, kusafisha sampu na kuweka mpya.

Fungua nozeli baada ya saa 100 za mwanzo. Weusi mkavu unaofutika kwa kitambaa ni wa kawaida. Ukikuta masizi magumu yameota kuzunguka tundu, pima joto la mafuta pale kwenye koki kabla ya kulaumu kitu kingine; mara nyingi utakuta halifiki nyuzi 70. Ongeza urefu wa bomba la kupashia au livishe kitambaa cha kuzuia joto, safisha nozeli kwa dizeli na brashi ya waya laini, rudisha, kisha fungua tena baada ya saa 50. Ikiwa joto lilikuwa sawa na masizi bado yapo, mpe fundi apime shinikizo la nozeli na akague kama inadondosha. Injini ikiwa ngumu kuwaka asubuhi hata kwa dizeli, hapo ringi zimeanza kunata: iendeshe kwa dizeli tupu na mzigo mzito siku kadhaa, na isipopata nafuu, fungua hedi.